Orodha za magazeti za resoti bora za kuskii, nyie mnazisomaje?

Mteremko_Mkali

Habari za saa hizi wadau. Nina swali ambalo limeshatugombanisha wiki nzima kwenye kundi letu na naona tusipopata watu wa nje wa kutuamua safari yenyewe itatushinda. Tunataka kwenda kuskii wiki moja mwezi wa pili, tuko sita, na kila mtu kaja na orodha yake ya resoti bora za Amerika Kaskazini aliyoitoa kwenye gazeti. Huyu kaja na ile ya kura za wasomaji wa SKI Magazine, yule kaja na ya gazeti la mambo ya safari, mwingine kaitoa mtandaoni hata haieleweki nani kaipanga, na hazifanani kabisa, resoti iliyo ya kwanza huku, kule unaikuta ya kumi na ngapi sijui.

Mi hizi orodha nazifuatilia muda sasa. Deer Valley ya Utah ilikaa namba moja kwenye SKI miaka mitano mfululizo, 2007 mpaka 2011. Baadae Whistler Blackcomb ya Kanada ikaja juu, baadae tena Sun Valley ya Idaho. Sasa najiuliza, milima haijahama, mabonde ni yaleyale, theluji inaanguka palepale, kinachopanda na kushuka ni nini hasa? Na kwa nini Alta, nayo ya Utah, ambayo ukiitaja kwa mtu anayejua kuskii vizuri anabadilika uso hapohapo, haikai pale juu kila mwaka?

Msimamo wangu nausema wazi ili mnipinge vizuri: naona hizi orodha zinapima likizo, hazipimi mlima. Ukishachanganya hoteli, migahawa, maisha ya jioni, huduma za watoto, usafiri, vyote kwenye kapu moja na theluji na miteremko, halafu ukatoa namba moja ya jumla, hiyo namba inakuwa inaongelea kitu ambacho hakuna mtu alikiuliza. Hoteli nzuri sizikatai, nazipenda, ila mtu akisoma "resoti bora ya kuskii" anajua anaambiwa habari za kuskii.

Kundi lenyewe liko hivi, wawili wazoefu wanaotaka miteremko mikali, wawili wa kati, mmoja ndo anaanza kabisa, na mmoja anatumia snoubodi, ule ubao mmoja wa miguu yote miwili. Mngekuwa nyie mngeamini orodha ipi?

Poda_Kwanza

Mkuu hapo umenena na mi naenda mbele zaidi yako, orodha ya resoti ambayo haianzi na theluji haifai kusomwa. Kila kingine kinajengwa, lifti zinajengwa, hoteli zinajengwa, mpishi unaweza kumwajiri kesho asubuhi, ila theluji hakuna tajiri wa kuiagiza. Mashine za kutengeneza theluji zipo ndio, ila zinatoa kitu kigumu kizito ambacho kinakusaidia usikanyage majani, sio kitu cha kukufanya uamke saa kumi na moja.

Chukua Alta. Kwa wastani inapata zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu, na msimu wa 2022 kwenda 2023 zilianguka inchi 903, yaani karibu mita 23, rekodi yao. Na sio wingi tu, ni ukavu wake. Dhoruba zinakuja kutoka Pasifiki, zikivuka majangwa ya Nevada zimeshamwaga maji mengi njiani, halafu zinagonga milima ya Wasatch ghafla na kulazimishwa kupanda juu, hewa inapoa, theluji inashuka nyepesi kama unga, ndio tunayoiita poda. Kuna nyakati zinaongezewa unyevu na lile ziwa la chumvi ambalo haligandi majira ya baridi kwa sababu ya chumvi yake. Korongo la Little Cottonwood limekaa vizuri kuzipokea, kwa hiyo Alta na jirani yake Snowbird zinapata theluji ambayo mji wa Salt Lake City pale chini hauioni.

Sasa Sun Valley, theluji yao ya kawaida kwa msimu haifiki hata nusu ya Alta. Ikawekwa namba moja. Sisemi ni mahali pabaya, Bald Mountain ina mteremko mmoja mrefu usiokatikakatika kuanzia juu mpaka chini na hiyo ni raha ya peke yake, na historia wanayo, lifti za viti za kwanza duniani zilianza kazi pale 1936, ilikuwa ni mradi wa reli ya Union Pacific na fundi wao alichukua wazo kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini. Yote nayaheshimu. Ila theluji? Hapana.

Na Jackson Hole ya Wyoming je, kimo cha mita 1,262 kutoka juu ya tramu, kile kibanda kikubwa kinachopanda kwa kamba, mpaka chini, karibu nusu ya mlima ni ya wazoefu, kuna Corbet's Couloir pale ambapo unaingia kwa kudondoka hewani kwanza ndo skii ziguse theluji. Gazeti likiniambia mlima kama huo umezidiwa na mahali pengine kwa sababu ya supu basi hilo gazeti na mimi tunaongelea michezo miwili tofauti.

Mama_Wawili

Poda_Kwanza kaka yangu nakuheshimu na nakusoma siku zote ila leo nakupinga na nakupinga kwa moyo wote. Unaongea kana kwamba wote tunaoenda mlimani ni watu wa kudondoka hewani. Nenda resoti yoyote ile, kaa chini ya lifti uangalie wanaopita, wengi ni watu wa kati, wana watoto, wamehifadhi hela mwaka mzima kwa ajili ya siku chache, na kwao mteremko uliosawazishwa vizuri usiku ukaachwa na mistari myembamba asubuhi ndio kuskii kwenyewe, sio pambo. Hao ndo wanapiga kura. Kura zao ni za kweli kama zako.

Deer Valley tangu ilipofunguliwa 1981 walikuja na wazo moja, kwamba mtu anayekuja kuskii ahudumiwe kama mgeni wa hoteli ya maana. Unafika, kuna wafanyakazi wanakupokea skii zako kwenye gari, tiketi za siku wanazipunguza makusudi ili mlima usifurike, mashine za kusawazisha zinafanya kazi usiku kucha. Watu wanacheka kuhusu chakula lakini mwenye watoto wadogo wawili wenye njaa na soksi zilizoloa anajua mahali pa kukaa pakavu penye chakula cha maana panaamua kama mchana mtaendelea au siku imeishia hapo. Na ile nayo ni sehemu ya kuskii, maana asiyekula haskii mchana.

Halafu msisahau Deer Valley sio kilima cha kuchezea, mashindano ya Olimpiki ya 2002 ya slalomu (kupinda katikati ya vijiti), ya matuta na ya kuruka yalifanyika pale. Kuna miteremko ya kukutoa jasho ukiitafuta, ni kwamba wengi hawaitafuti kwa sababu ya ile mizuri iliyolainishwa.

Kwa hiyo ndugu Mteremko_Mkali umeuliza kinachopanda na kushuka ni nini, mi nakujibu ni uzoefu wa watu. Resoti ikinunuliwa na kampuni nyingine, ikijaza watu kupita kiasi, ikipunguza wafanyakazi, mlima ni uleule lakini siku yako haiwi ileile. Mi napenda orodha zinazosikiliza hilo.

Mpimaji

Naona mnabishana mlima na huduma wakati tatizo kubwa la hizi orodha liko kabla hata hamjafika huko. Naombeni uvumilivu kidogo maana hili nalijali sana na nimelisoma.

Kwanza kura ya wasomaji inafanyaje kazi. Msomaji anatoa alama kwa resoti alizoenda, kwa vipengele vingi, theluji, kusawazisha, aina za miteremko, ugumu, lifti, huduma, thamani ya hela, kufika kwake, chakula, malazi, mandhari na kadhalika, halafu wanatafuta wastani. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayekwenda resoti kwa bahati nasibu. Anayependa miteremko mikali anakwenda Jackson Hole, anatoa alama za juu kwa alichokifuata. Mwenye familia anakwenda Deer Valley, naye anatoa alama za juu kwa alichokifuata. Watu walioskii kote kuwili mwaka mmoja wakalinganisha ni wachache mno. Kwa hiyo orodha hailinganishi resoti na resoti, inalinganisha kuridhika kwa kundi moja la watu na kuridhika kwa kundi lingine, na makundi yenyewe hayataki kitu kimoja. Ongeza na kwamba resoti zenyewe huwahimiza wageni wao wapige kura, na resoti ndogo ya watu wachache sana inaweza isiingie kabisa kwa kukosa kura. Na gazeti linaishi kwa matangazo ambayo mengi yanatoka kwa resoti hizohizo. Sisemi wanauza nafasi, nasema tu ujue chumba ulichokaa.

Pili, namba ambazo resoti zinatoa zenyewe. Watafiti wawili wa chuo cha Dartmouth, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walichukua theluji mpya iliyotangazwa na resoti wakailinganisha na vipimo vya vituo vya hali ya hewa vya serikali. Walikuta resoti zinatangaza theluji mpya asilimia 23 zaidi siku za wikiendi kuliko siku za kazi. Mawingu hayana kalenda wadau. Wikiendi ndio kuna watu wa kuamua asubuhi waende au wasiende. Na kilichonifurahisha zaidi, ilipotoka programu ya simu inayomruhusu mtu aliye mlimani kuandika hali halisi papo hapo, ule uongo ulipungua sana, hasa kwenye resoti ambazo mtandao wa simu unashika.

Ulaya nako hivyohivyo, kuna Mjerumani anaitwa Christoph Schrahe alikaa akapima urefu wa miteremko ya resoti kubwa mmojammoja kwa picha za setilaiti, matokeo yakaleta kelele kubwa mwaka 2013. 4 Vallées ya Uswisi ilikuwa inajitangaza kuwa na kilomita 412, yeye akapata 164. Utetezi uliotolewa ni kwamba wengine wanahesabu na zile kona ambazo mtu anakata akiwa anashuka! Sasa kama gazeti linachukua namba ya resoti bila kupima na kuipa alama kwenye kipengele cha ukubwa, hiyo alama ina maana gani?

Tatu na hili ni muhimu kwa yule wenu anayeanza. Alama za miteremko, duara la kijani kwa rahisi, mraba wa bluu kwa ya kati, almasi nyeusi kwa migumu, zinatumika Marekani tangu miaka ya 1960 ila hakuna anayezunguka kuhakikisha bluu ya huku ni sawa na bluu ya kule. Kila resoti inalinganisha miteremko yake yenyewe kwa yenyewe. Bluu ya mlima mgumu kama Jackson Hole inaweza kumtia hofu mtu ambaye bluu ya mahali pengine anaiteremka akiimba. Kwa hiyo orodha ikikwambia "asilimia arobaini ni ya wa kati" usiilinganishe na asilimia ya resoti nyingine.

Mi ninavyozisoma, nafunika ile namba ya jumla kabisa. Naenda kwenye vipengele, nachagua vile vitatu vinavyonihusu, nasoma maelezo ya wasomaji chini yake, hasa malalamiko. Malalamiko yana habari kuliko sifa.

Bodi_Moja

Jamani mbona hakuna aliyemkumbuka mwenzetu wa snoubodi. Deer Valley HARUHUSIWI. Alta HARUHUSIWI. Mad River Glen ya Vermont nayo hivyohivyo, ndo tatu zilizobaki Marekani zinazokataa bodi. Yaani mmebishana kutwa nzima kuhusu resoti mbili ambazo mmoja wenu sita akifika getini anarudishwa.

Na hili linanikera kwenye orodha zenyewe pia, unawekaje mahali panapofukuza sehemu kubwa ya watu wa mlimani kuwa pa kwanza Amerika Kaskazini nzima? Na hao waliofukuzwa ndo hawawezi kupiga kura ya kulalamika maana hawajaingia!

Mteremko_Mkali

Bodi_Moja asante sana, hilo lingetuua. Alta nilikuwa najua, Deer Valley nilidhani wameshabadilisha.

Mpimaji hiyo ya wastani wa makundi tofauti nimeisoma mara mbili na nimeituma kwenye kundi letu. Ila swali, hivyo vipengele vitatu unavichaguaje kwa watu sita wanaotaka vitu sita? Na je mashariki, kuna haja ya kuangalia? Wawili wetu wako upande huo, safari ingekuwa fupi.

Vermont_Baridi

Mashariki naongea mimi, nimeskii huku maisha yangu yote ya kuskii na napapenda kwa dhati.

Magazeti mengi yanatenganisha, orodha ya Magharibi peke yake na ya Mashariki peke yake, na wanafanya vizuri kwa sababu ukituweka kwenye orodha moja tutazikwa wote. Mlima Mansfield pale Stowe ndio mrefu kuliko yote Vermont na una mita 1,339 tu, chini ya Alta penyewe pako juu mara mbili karibu. Hali ya hewa yetu inageuka, leo theluji, kesho mvua, kesho kutwa imeganda yote, unaskii juu ya barafu unasikia makali ya skii yanalia. Ndo maana huku kipengele cha theluji ya mashine na kusawazisha kina uzito ambao watu wa Utah hawawezi kuuelewa. Killington inapendwa kwa sababu hiyo, mitambo yao ni mikubwa, wanawahi kufungua na wanachelewa kufunga, na kuanzia 2016 wameandaa mara nyingi mbio za Kombe la Dunia za wanawake mwezi wa 11, wakati milima mingi ya huku bado ina majani.

Tremblant ya Quebec imekuwa namba moja ya Mashariki mara nyingi sana kwenye SKI, na ukifika utaelewa, kile kijiji cha watembea kwa miguu chini ya mlima ni kizuri mno, unatoka mlangoni unaingia kwenye gondola, vile vibanda vidogo vya kamba. Lakini mlima wenyewe kwa mzoefu, siku mbili umeumaliza. Hapo nakubaliana na mwenye swali.

Halafu tuna Mad River Glen. Ina lifti ya kiti kimoja, ndio, kiti cha mtu mmoja, ya tangu 1948, wakaifanyia ukarabati mkubwa 2007 na wakakataa kuweka ya watu wengi kwa sababu lifti kubwa inapeleka watu wengi juu na kuimaliza theluji mapema. Mali ni ya ushirika wa wateja wenyewe tangu 1995. Theluji ya mashine kidogo sana, kusawazisha kidogo, matuta na miti. Kwa vipengele vya gazeti inaanguka karibu kila mahali, lifti sifuri, huduma sifuri, hoteli hakuna, jioni hakuna. Na ukimuuliza mwanachama wake atakwambia hakuna mlima bora chini ya jua, na hasemi kwa kujisifu, anamaanisha, ameweka hela yake pale. Orodha yenye vipengele ishirini haina kipengele cha kupima kitu hicho, kwamba watu wameamua mlima wao uwe hivyo na wakaulinda.

Ila kwa kundi lako mwezi wa pili na mmoja anaanza, nendeni Magharibi. Anayeanza akijifunzia kwenye barafu hatarudi tena mlimani na mtakuwa mmempoteza.

Foleni_Ndefu

Mi naongezea kitu kimoja ambacho orodha zote zinakichelewa, nacho ni watu.

Kampuni ya Vail Resorts walitoa Epic Pass, pasi moja ya msimu mzima kwa resoti zao, mwaka 2008 kwa dola 579, kabla ya hapo pasi za msimu kwenye resoti kubwa zilikuwa ghali mno. Wapinzani wao Alterra wakaleta pasi yao ya Ikon msimu wa 2018. Matokeo yake sasa hivi mtu wa kawaida akinunua pasi moja anazunguka resoti nyingi, wakati tiketi ya siku moja ya dirishani Vail au Park City siku za msongamano imeshavuka dola 300. Kwa hiyo wote wana pasi, na wenye pasi wote wanasoma orodha zilezile, na theluji ikianguka usiku wote wanaamka asubuhi ileile. Gazeti likiitaja resoti namba moja linaichangia kuijaza. Kura zilipigwa mwaka jana na watu waliokumbuka mlima mtupu, we unakuja mwaka huu unaukuta umejaa.

Kuna resoti moja kubwa sitaitaja, nilikwenda Jumamosi baada ya dhoruba, maegesho yalikuwa yamejaa kabla ya saa tatu asubuhi na lifti ya chini nilisubiri mpaka vidole vikafa ganzi. Ilikuwa juu kabisa kwenye orodha. Ukubwa wa ekari hausaidii kama watu wote wanaanzia kwenye lifti mbili za chini, angalieni ramani muone wangapi wanatokea wapi. Vail wana ekari 5,317 na yale mabonde ya nyuma ni makubwa ajabu ila mpaka ufike kule kwanza lazima upande mbele na kila mtu.

Poda_Kwanza

Foleni_Ndefu hilo ni kweli tupu na linaniuma. Theluji mpya Alta siku hizi ikifika saa tano asubuhi imeshachorwa yote.

Dada Mama_Wawili nimekusoma na hoja ya watoto naikubali, sina ubishi nayo. Ninachokataa ni kuiita namba moja bila kusema namba moja ya nini. Waandike "bora kwa familia", "bora kwa wazoefu", "bora kwa poda", basi, mi nitanyamaza.

Mama_Wawili

Hapo tumekutana kaka. Na wengine wameshaanza kuandika hivyo, orodha za vipengele ndio mi huwa nazikata naziweka. Ila bado nakwambia ukifika umri wa kubeba skii za watu watatu kutoka maegesho utaitafuta ile huduma ya Deer Valley kwa tochi.

Mpimaji

Narudi kwenye swali la Mteremko_Mkali, vipengele vitatu kwa watu sita. Jibu langu ni msichague resoti, chagueni eneo. Orodha zinawalazimisha mfikirie jina moja wakati safari ya wiki haihitaji jina moja.

Kaeni Salt Lake City au pembeni yake. Kutoka pale kwenye Little Cottonwood kuna Alta na Snowbird, korongo la pili yake Big Cottonwood kuna Solitude na Brighton, na upande wa pili wa mlima Park City na Deer Valley. Zote hizo sio safari ndefu kwa gari hali ya hewa ikiwa nzuri. Siku ya kwanza na ya pili nendeni Brighton, pana miteremko mizuri ya anayeanza, wanaoskii na wa bodi wote wanaruhusiwa na hamna kujionyesha. Wazoefu wenu wawili wapelekeni Snowbird pamoja na wa bodi, tramu yao inapanda mpaka juu kabisa na bodi zinaruhusiwa. Kuna siku wazoefu waende Alta peke yao, Snowbird na Alta zimeungana juu kwa wenye skii. Na wa kati pamoja na anayeanza siku hiyo waonje Deer Valley kama hela inaruhusu. Ikon ina hizo zote isipokuwa Park City ambayo iko Epic, ila soma kwa makini kila aina ya pasi inakupa siku ngapi wapi, maana ile ya bei nafuu ina vikwazo, na pasi huwa zinaacha kuuzwa mwezi wa Desemba, ukichelewa utalipa bei ya dirishani.

Kubwa kuliko yote, tarehe. Jumatatu ya tatu ya Februari ni sikukuu ya Presidents' Day Marekani na wikiendi yake ni ya msongamano kuliko karibu zote za msimu, na pasi za bei nafuu nyingi zinazuiwa siku hizo. Wekeni safari wiki ya kwanza ya mwezi au mwishoni. Kubadilisha tarehe kutawasaidia kuliko kubadilisha resoti kumi.

Mteremko_Mkali

Mpimaji mkuu ubarikiwe, hili la eneo halikupita hata kichwani mwa mmoja wetu, tulikuwa tumeshikilia majina. Tarehe zetu za mwanzo zilikuwa zinaangukia hiyo wikiendi yenyewe ya sikukuu, nimeshawaambia tuzisogeze nyuma.

Moja la mwisho, barabara ya kwenda Alta na Snowbird. Nasikia inafungwa. Tunakodi gari, kuna la kuzingatia?

Poda_Kwanza

Inafungwa ndio, barabara namba 210, njia za maporomoko ya theluji zinaikatiza sehemu nyingi mno na dhoruba ikiwa kubwa wanaifunga ili wayaangushe maporomoko kwa milipuko kabla hayajaanguka yenyewe. Ukiwa juu wakati huo kuna amri ya kubaki ndani ya jengo, hakuna kutoka hata kwenda kwenye gari, na ni sheria sio ushauri.

Gari mkodi lenye kuvuta magurudumu yote manne na muulize kabisa matairi ni ya theluji au vipi, kwa sababu siku za dhoruba wanasimamisha magari chini ya korongo na lisilokidhi masharti linageuzwa. Au achaneni na gari, kuna mabasi ya kuskii yanapanda makorongo yote mawili. Na Alta wikiendi na sikukuu maegesho lazima uweke nafasi kabla mtandaoni, fanya hivyo mapema zinaisha. Utabiri ukisema dhoruba inaingia usiku, siku inayofuata gawaneni, wazoefu wapande na basi la kwanza kabisa, wengine waende Park City ambako njia ni barabara kuu na haina hayo mambo.

Bodi_Moja

Na mwambieni wa bodi siku ya poda asikubali kupelekwa kwenye njia zenye tambarare ndefu, Snowbird kuna sehemu za kukata pembeni ya mlima ukipunguza mwendo unasimama na unaanza kutembea na bodi mkononi kwenye theluji ya kiunoni. Aulize njia kabla ya kushuka.